Ahadi Ni Deni, Tuma kwa Namba Hii

Jambo la kwanza ambalo mweka hazina hujifunza ni kwamba "Amina" haimtoi mtu hospitalini.

Grupu letu la WhatsApp lilikuwa na watu 187. Siku ya kwanza nilihesabu Amina 64, "Mungu yuko kazini" kumi na moja, emoji za mikono iliyofumbatwa sijui ngapi, mtu mmoja aliyetuma kwa bahati mbaya tangazo la ploti za Kitengela, na waliotuma pesa, tisa. Sisemi hivi kwa uchungu. Mimi mwenyewe nimeandika Amina nyingi kwa magrupu ya watu, kisha nikaendelea kula chipsi. Amina ni njia ya kusema nimeona, lakini sina. Ama ninazo, lakini mwezi haujaisha. Sasa nilikuwa upande ule mwingine wa Amina, na huko kuna baridi.

Mama alianguka Aprili 2025, mvua ndefu ikiwa imeanza, hapa hapa Umoja, akivuka ule mtaro ambao kila uchaguzi ukikaribia kuna mtu huahidi kuuziba. Alikuwa anatoka kwa mama mboga. Sukuma wiki ilibebwa na maji, Mama akabaki. Mfupa wa paja, karibu na nyonga. Daktari alituchorea kwenye karatasi jinsi vyuma vitakavyokaa, akachora vizuri kabisa, kisha akageuza karatasi na upande wa pili ulikuwa na hesabu. Bima ilipotoa sehemu yake, ilibaki shilingi 236,500.

Tulikaa kikao kwa Anti. Anko akawa mwenyekiti kwa sababu alikuja na koti. Mimi nikawa mweka hazina kwa sababu naenda ofisini na najua Excel. Kwetu mtu anayejua Excel anaaminiwa kuliko pasta.

Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama.

"Msinitembeze na bakuli," alisema kutoka kitandani, bila hata kufungua macho.

Nikadhani ni maringo tu ya mgonjwa. Huyu ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa harambee ya mtu. Mazishi, harusi, karo, mtoto wa fulani anaenda ng'ambo, paa la kanisa, paa la kanisa tena. Tukiwa wadogo tulikula ugali na chumvi jioni moja kwa sababu pesa ya nyama ilikuwa imeenda kwa harusi ya mtu ambaye hatukuwa tumealikwa kwake. Sasa zamu yake imefika, na ati hataki?

"Nenda nyumbani," akaniambia. "Fungua kabati. Chini ya vitambaa kuna daftari. Niletee."

Ilikuwa daftari ya shule ya kurasa 96, jalada limelainika kama ngozi. Baba alifariki 2009. Kila aliyechanga kwa mazishi yale alikuwa ameandikwa humo, watu 143, kuanzia waliotoa elfu tano hadi waliotoa soo. Na mbele ya kila jina palikuwa na mstari wa pili kwa kalamu nyingine: harusi ya msichana wake, 2012, nimetoa 700. Mazishi ya mamake, 2015, nimetoa 1,500. Amelazwa, 2019, nimetoa 600. Kisha tiki. Aliyekuwa ametoa mia tano alirudishiwa mia saba. Aliyekufa kabla ya zamu yake kufika, mtoto wake alipewa.

Miaka kumi na sita Mama alikuwa anarudisha mazishi ya Baba, mtu mmoja mmoja, na sisi tulidhani ana roho ya kutoa.

"Nimebakisha watu wanne," alisema. "Wanne tu. Sasa mnanifungulia daftari ingine. Nina miaka sitini na saba. Unadhani hiyo nitaimaliza?"

Sikuwa na jibu. Nikambusu, nikatoka kwa korido, nikatengeneza bango. Picha yake nilikata kutoka kwa picha ya harusi, ile amevaa kilemba cha zambarau anacheka. Juu nikaandika "Tusimame na Mama." Chini nikaandika namba yangu ya simu na "Kutoa ni moyo, si utajiri," kwa sababu bango bila methali hiyo watu hudhani ni la utapeli.

*

Siku tisa za kwanza zilienda vizuri. Mama mboga alituma finje kila jioni akifunga kibanda. Si mara moja, ni kila jioni: hamsini, hamsini, hamsini, kama mtu anayemeza dawa kwa mpango. Wasee wa boda wa steji yetu waliniletea 2,300 ndani ya kofia ya pikipiki, sarafu nyingi, na karatasi yenye majina. Binamu aliye Doha alituma elfu kumi na ujumbe wa sauti wa dakika saba kuhusu barabara za huko. Kila usiku niliweka orodha kwenye grupu.

Orodha ni kitu cha siasa, usidanganywe. Watu hawaisomi kujua imefika ngapi. Wanaisoma kujua nani ametoa kidogo kuwaliko. Kuna aliyenipigia saa tano usiku kuniuliza kwa nini jina lake liko chini ya la shemeji yake na wote wametoa elfu moja. Anko alitaka elfu mbili zake ziwe namba moja, "kama mwenyekiti." Nikaziweka namba moja. Ningeziweka hata mbinguni kama zingetoka mapema.

Kufikia Jumapili ya pili tulikuwa na 94,350. Hesabu zangu zilionyesha kwamba kwa mwendo ule, na mkopo mdogo, Mama atatoka karibu na siku ambayo daktari atamruhusu.

Jumapili hiyo mheshimiwa akaja kanisani.

*

Hapa lazima nieleze kidogo. Harambee kwetu si mchezo, iko kwenye nembo ya taifa, chini ya miguu ya simba wawili wenye mikuki. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno hilo kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na kusema kweli lilijenga. Shule nyingi za upili mashambani zilianza kwa mawe na kuku wa wanakijiji. Halafu enzi za Nyayo kutoa kukaanza kuwa lazima, machifu wakikusanya na wafanyakazi wakikatwa mishahara. Mwaka wa 2003 ikaja sheria ya maadili ya maafisa wa umma ikaweka mipaka. Waanglikana, 2021, wakasema wanasiasa hawatapanda tena mimbarini. Juni 2024 tukaingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na moja ya maswali yetu ilikuwa hawa watu wanatoa wapi mamilioni ya kubeba kanisani kila Jumapili. Julai Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali hawatashiriki tena harambee. Novemba mwaka huo huo Rais mwenyewe alitoa pesa katika kanisa Katoliki la Soweto hapa Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Siku hiyo niliweka habari hiyo kwa stetasi yangu na moto tatu.

Mheshimiwa wetu hakuzuiwa na lolote kati ya hayo, kwa sababu hakuwa mheshimiwa wa chochote. Anatafuta kiti cha MCA 2027. Yeye si afisa wa serikali, ni mtu tu mwenye gari kubwa na uchungu wa jamii. Lakini hapa kwetu mtu huanza kuitwa mheshimiwa siku anayochapisha kalenda yenye uso wake.

Na kanisa letu halina askofu mkuu wa kurudisha pesa. Lina pasta mmoja, kodi ya ukumbi, na mabati yaliyovuja.

Mheshimiwa alipewa kipaza sauti "asalimie tu." Akasalimia dakika thelathini na tano. Akasema yeye ni mtoto wa mama kama huyu. Akaashiria bango langu, ambalo mtu alikuwa amelichapisha kubwa na kulibandika kando ya madhabahu. Akasema: "Huyu mama hatalala hospitali kwa sababu ya pesa nikiwa hai. Naahidi laki moja!"

Kanisa lilisimama. Vigelegele. Mpiga kinanda akaongeza sauti. Na mimi, mwenye zile moto tatu za stetasi? Nilikuwa nimesimama pia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Anti alinikumbatia akilia, na kabla hata ibada haijaisha nilikuwa nimeandika kwenye orodha, juu kabisa, juu ya Anko: *Mheshimiwa, 100,000 (ahadi)*.

Mabano hayo yalitugharimu siku tisa.

*

Jumatatu daktari alimruhusu Mama kwenda nyumbani. Ofisi ya bili haikumruhusu. Kila siku aliyolala hapo baada ya kupona iliongeza 3,500 za kitanda, kwa hivyo deni lilikuwa linakua kwa sababu lipo.

Grupu, nayo, ilinyamaza. Jumatatu nilipata elfu moja. Jumanne mia tano. Jumatano sifuri. Kufikia Jumamosi, siku sita nzima, zilikuwa zimeingia 1,700. Nilifikiri ni katikati ya mwezi. Nilifikiri watu wamechoka. Mwishowe nikampigia binamu wa Doha, ambaye huwa hafichi kitu.

"Lakini si mheshimiwa alimaliza hiyo maneno?" akasema. "Laki moja, watu wakaona basi, imefika. Hata mimi nilikuwa nimeweka ingine tano, nikaambia bibi tununue fridge."

Hapo ndipo nilielewa. Ile laki moja ambayo haikuwepo ilikuwa imezuia elfu thelathini au arobaini ambazo zilikuwepo. Hakuna mtu anataka finje yake isimame karibu na laki. Hata mama mboga alikuwa ameacha. Nilipopita kibandani aliniambia, kama anayeomba msamaha, "Niliskia mmesaidika." Mheshimiwa hakuwa ameiba chochote. Alikuwa amesema sentensi moja tu, na sentensi hiyo ilikuwa inakula 3,500 kila siku.

Simu yake haikushikwa. Msaidizi wake alishika, akaniambia mheshimiwa yuko kwa mkutano. Akawa kwa mkutano siku nne. Siku ya tano nikafanya kitu ambacho bado sijakipatia jina zuri. Nikamwambia msaidizi: kama laki ni nzito, mheshimiwa alete hata kidogo, lakini aje mwenyewe, ampe Mama mkononi. Mje na kamera.

Kukawa kimya kidogo upande ule. Kisha akauliza, "Wodi iko na mwangaza mzuri?"

Nikasema uko. Nilisema uko, na nilijua ni dirisha la upande gani.

*

Walikuja Jumapili alasiri, watu sita, wawili na kamera. Mama nilikuwa nimemwambia tu kuna mgeni. Alipoona viatu vinavyoingia alinitazama mara moja, kisha akaomba leso yake, akajifunika kichwa, akaketi wima dhidi ya mto ingawa nyonga ilimuuma. Mheshimiwa aliinama, akashika mkono wake, akaushikilia hapo mpaka kamera zikatosheka. Bahasha ilikuwa na elfu ishirini. Alisema ni mwanzo tu.

"Asante baba," Mama akasema. Kisha akanigeukia. "Lete daftari."

Nilijifanya sijasikia.

"Lete daftari, na kalamu. Jina lako kamili nani, baba? Na mamako bado yuko?"

Mheshimiwa alicheka, akasema mamake yuko, yuko Kangundo, ana nguvu.

"Mungu amweke. Siku akiugua, ama ukiwa na harusi, unitumie habari. Nitakurudishia hii yako."

"Hapana Mama! Mimi sidai. Hii nimetoa kwa roho safi."

"Mimi pia nitarudisha kwa roho safi," Mama alisema.

Watu wake walicheka. Yeye alicheka pia, lakini aliangalia kamera kuona kama bado inaendelea. Ilikuwa inaendelea. Sehemu hiyo haikuwahi kutoka. Iliyotoka kwenye Facebook yake jioni hiyo ni ile ya mkono juu ya mkono, mwangaza wa dirishani ukianguka vizuri, na uso wa mamangu wazi kabisa. Laiki mia nne na kitu. Kwenye maoni mtu aliuliza kama huyo mama ni wa kukodisha. Nilikaa kwa ngazi za hospitali nikayasoma maoni yote, moja moja. Nilikuwa na hasira na kila mtu hapo, na ilinichukua muda kukubali kwamba mwangaza wa dirisha hilo niliuuza mimi.

Usiku huo nikaandika kwenye grupu bila kumuuliza mwenyekiti: *Ile ahadi ya 100,000, imefika 20,000. Sitarajii ingine. Mama aliruhusiwa Jumatatu iliyopita lakini bado yuko ndani kwa sababu ya bili, na inaongezeka 3,500 kila siku. Hata finje ni pesa.* Nikaondoa mabano kwenye orodha.

Anko alinipigia ndani ya dakika mbili. Nimeaibisha mheshimiwa. Nimeaibisha familia. Kuna ajira za vijana alikuwa ameahidi. Pasta alituma ujumbe wa faragha kunikumbusha kwamba ulimi ni moto. Watu watatu walitoka kwenye grupu. Na saa tatu na dakika kumi usiku simu ikalia: mama mboga, hamsini. Kisha mia mbili. Kisha binamu, elfu tano, "fridge itangoja." Kisha wasee wa boda tena.

Asubuhi yake jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu anayeuza viazi karai pale kona, alinigongea. Alikuwa na elfu kumi na tano zimefungwa kwenye pindo la leso. Nikatoa simu niandike jina.

"Usiniandike," akasema. "Wala kwa grupu, wala kwa ile daftari ya mamako."

Nikamwambia kwetu kanisani pia tunafundishwa hivyo, kwamba mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia.

"Basi mbona nyinyi mna kipaza sauti?" akauliza. Hakuwa ananisuta. Alitaka tu kujua.

Chama cha Mama kilimkopesha elfu sitini. Mimi nilichukua hamsini kwa sacco. Jumatano tulilipa 268,000 kamili, mlinzi akapiga muhuri ile karatasi ya kutokea langoni, na Mama akatoka nje kwenye jua akilalamika kwamba nimemvalisha soksi zisizofanana.

*

Daftari ya pili ina majina 118. Jirani wa mlango wa pili hayumo. Ramadhani hii Mama anampelekea tende na uji jioni, polepole na fremu yake ya kutembelea, hatua arobaini na moja. Hiyo haiandikwi.

Mheshimiwa yumo, ukurasa wa kwanza. Lakini Mama alikataa kungojea mamake augue. Alikaa mezani na kalenda, ile ile yenye uso wake, akahesabu kwa kidole. Kisha akanipa kazi, kwa kuwa bado mimi ni mweka hazina: kuanzia Julai 2025, kila tarehe tano, nimtumie mheshimiwa elfu moja kwa M-Pesa kutoka kwa pesa ya Mama ya kuuza mandazi.

"Mama, yeye hata hajali hiyo pesa. Amesahau."

"Hajasahau," Mama akasema. "Anangoja. Hakuna mtu huweka elfu ishirini mahali halafu asahau. Anajua vile atakuja kuomba zirudi, na mimi sitaki kurudisha kwa njia hiyo. Ishirini mara elfu moja. Inaisha Februari 2027. Kura ni Agosti. Nitaingia pale ndani nikiwa sidaiwi."

Nilifikiri mheshimiwa atapiga simu, aulize ni nini, acheke, arudishe. Mwezi wa kwanza msaidizi wake alipiga. "Kuna thao imeingia kwa simu ya mheshimiwa kutoka kwako. Ni ya nini?" Nikamwambia ni ya deni. Akanyamaza, akasema, "Sawa, nitamwambia."

Sijasikia tena kutoka kwao. Mtu ambaye hakushika simu siku nne kwa ajili ya laki moja hajawahi kurudisha hata moja ya zile thao. Kila tarehe tano natuma, ujumbe unarudi na jina lake kamili, namwonyesha Mama, naye anaweka tiki.

Jana nimetuma ya tisa. Mtaro bado uko wazi.